Mjadala: Nairobi iwalipie familia za mitaani kodi ya nyumba, au iendelee kuwahamahamisha?

Naweka msimamo wangu mapema ili anayetaka kuupinga ajue pa kuanzia. Kaunti ya Jiji la Nairobi itenge fedha kila mwaka za kuwapangishia vyumba watu wanaolala nje, katika mitaa ileile ambayo Wanairobi wengi wanapanga, na iajiri maafisa wa jamii wa kuwafuatilia humo. Vituo vya kurekebisha tabia tumevijaribu, misako ya usiku tumeifanya, na watu bado wanalala kwenye baraza za maduka.

Tuanze na hesabu, maana ndipo wengi wanapokatia tamaa. Sensa ya familia za mitaani ya Aprili 2018 ilipata watu 46,639 nchi nzima. Nairobi peke yake ilikuwa na 15,337, Mombasa 7,529. Ni hesabu ya zamani. Tangu hapo tumepitia korona, tukaja kwenye mafuriko ya 2024 na ubomoaji wa nyumba kandokando ya mito kule Mathare na Mukuru, kwa hiyo sitarajii kwamba imeshuka. Hata hivyo tuitumie. Wengine ni mama na watoto, wengine ni vijana wanaotembea kwa makundi, basi tukadirie watu watatu kwa chumba. Tunapata vyumba kama 5,100. Chumba cha mabati tukiweke shilingi 3,500 kwa mwezi. Hiyo ni takribani shilingi milioni 18 kwa mwezi, milioni 214 kwa mwaka. Bajeti ya kaunti yetu imepita shilingi bilioni 40. Ongeza mishahara ya maafisa, ongeza magodoro, sufuria na dipoziti, hata ukiizidisha hesabu hiyo maradufu bado ni karibu asilimia 1 ya bajeti. Anayesema jiji halina uwezo aniambie ni fungu gani lingine la asilimia 1 linalogusa maisha ya watu 15,000 kiasi hicho.

Najua jibu litakalokuja kwanza: "Si tayari tunakatwa pesa ya nyumba?" Ni kweli tunakatwa. Asilimia 1.5 ya mshahara inatoka kwako, na mwajiri anaongeza nyingine kama hiyo. Wa shilingi 40,000 anachangia 600, na pamoja na ya mwajiri inakuwa 1,200. Lakini Sheria ya Nyumba za Gharama Nafuu ya 2024 inajenga nyumba za kununua. Hata lile tabaka la chini kabisa, la wanaopata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi, limefikiriwa kama wanunuzi wa polepole. Iliwekwa amana ya asilimia 10. Usajili unapitia Boma Yangu, tovuti ya serikali ya mradi huo, na huko unahitaji kitambulisho na nambari ya simu. Aliyekulia mtaani mara nyingi hana cheti cha kuzaliwa, na bila cheti kitambulisho ni safari ndefu ya kwa chifu na kurudi. Siupingi mradi ule. Nyumba za Mukuru zimewafaa waliozipata. Nasema tu kwamba mlango wake haufunguki kwa mtu anayelala chini ya barabara ya juu.

Pita pale mzunguko wa Globe, Ngara, alfajiri kabla maduka hayajafunguliwa, utaona jinsi usiku unavyokunjwa. Nimemwona mama mmoja akikunja katoni zake, akizifunga kwa kamba ya mpira, kisha akazichomeka nyuma ya ukuta pamoja na blanketi lililokuwa ndani ya gunia la unga. Mtoto wake, wa miaka sita hivi, alikuwa ameshavaa sweta ya shule. Yule mama haombi kufundishwa maadili. Ana ratiba kali kuliko yangu, ila kila jioni anaanza upya kutafuta mahali pa kumlaza mwanawe.

Sasa hoja za wanaopinga. Kuna wanaosema ukiwapa nyumba watarudi barabarani kwa sababu ya gundi wanayovuta ili kulewa. Hii naichukua kwa uzito wote, maana ina historia. Mwaka 2003 serikali mpya ya muungano wa NARC iliwatoa vijana mitaani, baadhi wakapelekwa mafunzo ya Huduma ya Vijana kwa Taifa, na mwaka huohuo ukaanzishwa Mfuko wa Dhamana wa Kurekebisha Familia za Mitaani. Wapo waliofanikiwa. Wapo pia waliomaliza mafunzo wakashuka kwenye basi mjini wakiwa na cheti mkononi na hawana pa kulala usiku huo. Mtu akikosa pa kulala atarudi kwa wale anaowajua, na wale anaowajua wako kwenye masoko ya Muthurwa na Gikomba, na chupa ya gundi iko hapohapo. Ninachoona ni kwamba tulianza mwisho tukategemea mwanzo utajipanga wenyewe. Ufini tangu 2008 walibadilisha mpangilio: mtu anapewa kwanza nyumba yenye mkataba wa kupanga, hata kama bado anakunywa, halafu msaada unamfuata humo ndani. Idadi ya wasio na makazi kule ilishuka sana miaka iliyofuata. Najua mtanijibu kwamba Ufini ni nchi tajiri. Utajiri wao siuhitaji, nahitaji mpangilio wao, na chumba cha mabati cha Kariobangi hakigharimu kama fleti ya Helsinki. Kuacha gundi ukiwa na mlango unaofungwa ni vigumu. Kuacha gundi ukiwa kwenye baridi ya Julai barabarani, huku gundi yenyewe ndiyo inayokusahaulisha njaa, sijui nani kati yetu angeweza.

Wengine wanasema tutawavuta watu kutoka kaunti nyingine. Huenda wachache watakuja. Ndiyo maana kaunti zote zinapaswa kubanwa, kwa sababu Jedwali la Nne la Katiba limeweka nyumba ndani ya mipango ya kaunti, na Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya makazi ya kutosha. Njia ya pili, ya kuwahamahamisha, tumeshaona ilivyo. Februari 2019 watu wa mitaani wa Nakuru walipakiwa usiku wakaenda kumwagwa Msitu wa Chemasusu, Baringo, watoto wakiwemo. Na Desemba 2020 Mahakama ya Afrika kule Arusha ilitoa maoni kwamba sheria za kumkamata mtu kwa sababu ya uzururaji zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu.

Hoja inayonisumbua zaidi ni ya yule kibarua wa Industrial Area: "Mimi naamka saa kumi usiku, natembea kwa miguu kutoka Mukuru, kodi yangu nalipa kwa jasho. Kwa nini wao walipiwe?" Huyu hana roho mbaya, na tukimpuuza mpango wote utakufa kwenye bunge la kaunti. Kwa hiyo fungu hili liwe na mkono wa pili. Mpangaji aliyevunjika mguu kazini au aliyefukuzwa, akaonyesha risiti zake za nyuma, alipiwe malimbikizo ya miezi miwili kabla landilodi hajafunga kufuli juu ya mlango. Familia nyingi huanzia hapo: kufuli, kisha vitu nje, kisha kwa jamaa wiki mbili, kisha jamaa anachoka. Shilingi 7,000 siku ile ya kufuli ni rahisi kuliko kumtafuta mtoto wa familia hiyo miaka mitatu baadaye akiwa na chupa mdomoni. Kibarua na mama wa Globe wametenganishwa na ugonjwa mmoja tu.

Kuna pia hofu kwamba wenye ploti wakisikia kaunti inalipa, kodi itapanda kwa wote. Hofu hii ni ya kweli kabisa, hasa mitaa ambayo mwenye chumba hana hata hati ya ardhi. Ningependekeza kaunti isichukue ploti nzima mahali popote, ichukue vyumba vichache hapa na vichache pale, kwa mkataba wa miaka miwili wenye kodi iliyofungwa. Halafu katika mitaa ya zamani ya kaunti inayojengwa upya, kama Pangani, sehemu ya nyumba ibaki ya kupangisha kwa bei ya chini, isiuzwe yote.

Mnaopinga, leteni hesabu yenu pia: misako, vituo na mahakama za jiji zinatugharimu kiasi gani kwa mwaka, na baada ya kulipa tunabaki na watu wangapi mitaani? Na aliye Dandora, Korogocho au Mukuru aniambie chumba kimefika bei gani mwezi huu. Kama 3,500 ni ya jana, nitapiga hesabu upya hapahapa.