Nimepunguzwa tumbo, mwezi wa saba uzito umegoma: ni homoni au ni kalori?

Mkazi wa Rau (swali)

Ndugu zangu, salaam. Mimi ni mama wa miaka 41, naishi Rau hapa Moshi. Miezi saba iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula, ule ambao daktari hukata sehemu kubwa ya mfuko na kubakiza bomba jembamba mfano wa ndizi. Siku ya upasuaji nilikuwa na kilo 118, leo nina kilo 89. Miezi minne ya kwanza nguo zilikuwa zinanipwaya kila baada ya wiki chache, lakini kwa wiki tano sasa mizani imegoma pale pale, na juzi ilipanda kwa nusu kilo.

Kinachoniumiza si mizani peke yake. Wifi yangu anasema waziwazi, mbele ya watoto, kwamba nakula kwa kificho usiku, kwa kuwa mtu aliyekatwa tumbo hawezi kubaki na kilo 89 ikiwa kweli anakula kile kidogo anachoonekana akila mezani. Mwenzangu tuliyejuana kliniki naye ananiambia nisihangaike kuhesabu chakula, eti upasuaji huu unafanya kazi kwa homoni, na homoni zikikaa sawa uzito utashuka wenyewe. Yeye alifanyiwa ule wa kuunganisha utumbo, ambao mfuko hubakizwa mdogo sana na kuunganishwa na utumbo wa mbele zaidi, na ameshapoteza theluthi ya uzito wake.

Jambo jingine ni kwamba njaa imerudi. Miezi ya mwanzo nilikuwa nasahau kula mpaka binti yangu anikumbushe, lakini siku hizi ikifika saa kumi jioni naisikia kabisa. Je, homoni ya njaa imeota tena?

Chakula changu ni hiki. Asubuhi nakunywa uji wa ulezi wa maziwa kikombe kimoja, saa nne chai ya maziwa, mchana mtori bakuli dogo, jioni chai tena pamoja na karanga, usiku samaki au yai na mboga, na kabla ya kulala maziwa ya mgando glasi moja. Ugali na chapati niliacha. Sahani yangu ni ile ya plastiki ya mjukuu. Naomba anayefahamu anielekeze nitafute kosa wapi.

Mhudumu wa Lishe, Arusha

Dada wa Rau, pole kwa maneno hayo ya nyumbani. Mimi ni mtaalamu wa lishe, na watu waliopita njia yako nawaona wakirudi kutoka Dar es Salaam, Nairobi na India wakiwa na swali hili hili.

Kabla ya lolote, tazama hesabu yako. Umepoteza kilo 29 kati ya 118, yaani karibu robo ya uzito wako wote. Kwa upasuaji wa bomba, robo ndicho kiwango ambacho wengi hukifikia mwaka wa kwanza unapokwisha au baadaye kidogo, na wewe umekifikia mwezi wa saba. Aliyeunganishwa utumbo kwa kawaida hupoteza zaidi, hivyo usimfanye mwenzako kuwa kipimo chako.

Sasa nije kwenye homoni. Sehemu ya juu ya mfuko wa chakula, ile iliyotuna upande wa kushoto, ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa iitwayo ghrelini, ambayo wanasayansi wa Japani, Kojima na Kangawa, waliitangaza mwaka 1999. Hupanda kabla ya mlo na kushuka mtu akishakula. Kwenye upasuaji wako sehemu hiyo ilitolewa pamoja na asilimia 75 hadi 80 ya mfuko mzima, ndiyo maana ulikuwa unasahau kula. Anayepungua kwa kujinyima chakula tu hupatwa na kinyume chake: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002 ulionyesha kwamba ghrelini ya watu wa namna hiyo hupanda, kana kwamba mwili unadai ulichonyang'anywa.

Kuna pia homoni za shibe, GLP-1 na PYY, zinazotoka kwenye seli zilizo kwa wingi sehemu ya chini ya utumbo. Baada ya upasuaji wa bomba chakula hufika huko haraka kuliko zamani, na baada ya kuunganishwa utumbo hufika haraka zaidi, hivyo homoni hizi humwagika kwa wingi na ubongo hupata habari ya shibe baada ya vijiko vichache tu. Zile sindano za Ozempic zinazozungumzwa sana siku hizi huiga hiyo hiyo GLP-1.

Hapo ndipo mwenzako ana ukweli, ila ameuishia katikati. Homoni hizi hazijayeyusha hata kilo moja ya mafuta yako kwa zenyewe. Kazi yake kubwa ni kukuwezesha kukaa na kalori 800 au 1,000 kwa siku bila ile njaa inayomtoa mtu machozi, na uzito hushuka kwa sababu kinachoingia ni kidogo kuliko kinachotumika. Hata kwa aliyeunganishwa utumbo, kalori zinazopotea kwa kutofyonzwa ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa ya kupungua kwake inatokana na kula kidogo, kama wewe.

Nao mwili una hesabu yake. Mwili wa kilo 89 hutumia nishati pungufu kuliko wa kilo 118, uwe umelala au unakwenda sokoni Mbuyuni na kurudi kwa miguu. Zaidi ya hapo, seli za mafuta hutoa homoni iitwayo leptini, na mafuta yakipungua nayo hupungua. Ubongo ukiona leptini imeshuka hudhani kuna baa la njaa, ukabana matumizi na kuamsha hamu ya kula. Kwa hiyo chakula kile kile kilichokushusha kilo nne mwezi wa tatu, mwezi wa saba kinaweza kutosha tu kukushikilia ulipo. Njaa ya saa kumi nayo wengi huanza kuisikia ndani ya mwaka wa kwanza. Sehemu iliyokatwa haioti tena, ila sehemu nyingine za mfuko na utumbo bado zina seli chache za ghrelini, na lile bomba lenyewe hulegea kidogo kadiri muda unavyokwenda.

Sasa nakuomba ufanye jambo moja leo. Chukua kikombe unachonywea chai, kijaze maji mpaka pale unapojazia chai, kisha yamimine maji hayo kwenye chupa tupu ya nusu lita uone yamefika wapi. Nimewaambia wengi wafanye hivyo, na karibu kila mmoja alishangaa. Kikombe cha robo lita cha chai ya nusu maziwa chenye vijiko viwili vya sukari kina kalori zipatazo 110, lakini magi kubwa inakaribia maradufu. Glasi ya maziwa ya mgando ni kama 150, uji wa maziwa wenye sukari ni 200 kwa makadirio, na karanga konzi moja ya gramu 30 ni 170. Vitu hivi vyote ni vyakula vizuri, na sikukatazi kuvila, ila vya kunywa vinapita kwenye bomba lako kama maji kwenye mfereji. Bomba hilo limetengenezwa lizuie kipande cha nyama na tonge la ugali, na haliwezi kuzuia chai. Wifi yako anaichungulia sahani, na sahani ya mjukuu haina neno. Nina hakika karibu nusu ya kalori zako za siku zinaingia kwa kikombe na kwa konzi ya karanga.

Baba wa Sakina

Mama, shikamoo kama umenizidi, na kama sivyo basi salamu tu. Mimi niliunganishwa utumbo miaka minne iliyopita. Nilikuwa na kilo 141 na kisukari cha aina ya pili, na baada ya mwaka na nusu nilikuwa na kilo 92.

Naandika kwa sababu nilishikilia imani ile ile ya mwenzako wa kliniki, na iliniumiza. Wiki ya kwanza tu baada ya upasuaji sukari yangu ilishuka hata daktari akanipunguzia vidonge, wakati uzito ulikuwa haujasogea vya kutosha. Nikasema basi, hii ni homoni, kazi imekwisha. Baadaye sana ndipo mhudumu wangu wa kliniki alipokaa nami akanieleza kwamba hata mgonjwa wa kisukari asiyepasuliwa, akilishwa kalori chache kama zile za wiki ya kwanza, sukari yake hushuka kwa siku chache. GLP-1 ilikuwa na sehemu yake, lakini supu na maji niliyokuwa nakunywa vilikuwa na sehemu kubwa.

Mwaka wa kwanza soda ilikuwa adui yangu. Nikinywa nusu chupa, baada ya dakika ishirini natoka jasho, moyo unakwenda mbio, tumbo linasokota, nalala. Sukari ilikuwa inateremka kwenye utumbo kwa kishindo. Mwaka wa pili hali hiyo ikapungua, nami nikaichukua kama ruhusa. Nikarudi kwenye juisi ya parachichi yenye maziwa na sukari, nikarudi kwenye mbege kila tulipokwenda nyumbani Kibosho kwa misiba na harusi. Tena niwaonye wenzangu kuhusu pombe: baada ya upasuaji huu inaingia kwenye damu haraka na kwa nguvu kuliko zamani, na kata moja ya mbege ilinifanya nisiweze kusimama mbele ya wajomba zangu. Kalori zake nazo hazishibishi.

Nilifika kilo 104 kabla sijakubali kwamba upasuaji haujaharibika. Sikufanyiwa lolote jipya. Nilianza kuandika kwenye daftari la shule kila kinachopita mdomoni, vinywaji vikiwa vya kwanza, na leo nina kilo 96. Mwaka wa kwanza, homoni zikiwa upande wako na njaa ikiwa ndogo, ndio wakati mwepesi wa kujifunza kula. Mimi niliupoteza kwa furaha. Wewe bado unao miezi mitano mbele yako.

Muuguzi, Machame

Nakubaliana na waliotangulia, ila mambo machache yasisahaulike.

Wiki tano si muda wa kutosha kusema uzito umesimama. Mwanamke hubeba maji kabla ya hedhi, na nusu kilo ni glasi mbili za maji. Jipime kiuno kwa futi ya fundi cherehani mara moja kwa wiki.

Usijibu mgomo huu kwa kujinyima zaidi. Ukipunguza chakula mpaka protini ishuke chini ya gramu 60 kwa siku, mwili utakula misuli, na misuli ndiyo inayotumia nishati hata ukiwa umelala. Nywele pia zitakatika.

Kama unachoma sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, mwambie daktari, kwa kuwa kwa baadhi ya wanawake huongeza uzito. Usiiache ghafla bila njia nyingine, maana baada ya kupungua hivi mimba hushika kwa urahisi na inashauriwa kungoja miezi 12 hadi 18 tangu upasuaji. Omba pia upimwe tezi ya shingo, damu, vitamini B12 na madini ya chuma. Na ukianza kutapika mfululizo kwa siku kadhaa, usisubiri kliniki: upungufu wa vitamini B1 unaofuata unaweza kudhuru ubongo, ukianza na kuyumba unapotembea na kuona mbili mbili.

Mkazi wa Rau

Asanteni sana, nimesoma nikilia na kucheka. Nimefanya lile jaribio la maji mbele ya binti yangu. Kikombe changu ni mililita 420. Nimekuwa nikikiita kikombe kimoja kwa miezi saba. Karanga nimezipima kwenye mizani ya jirani anayeoka keki, na konzi yangu ya jioni ni gramu 70, kumbe ni karibu kalori 400 kabla sijagusa chai.

Sindano ninachoma, sikuwahi kufikiri kuitaja. Nitamweleza daktari kliniki ya Jumanne.

Swali langu la mwisho ni mtori. Ndicho chakula pekee kinachonipitia bila kuniuma, na mama mkwe ananipikia kwa upendo. Je, niuache?

Mhudumu wa Lishe, Arusha

Usiuache, dada. Badilisha namna unavyopakuliwa. Mtori ukipondwa pamoja, bakuli lote linakuwa ndizi na mafuta yenye harufu ya nyama, wala hujui umepata nyama kiasi gani. Mwombe mama mkwe aitoe nyama yako kabla ya kuponda, vipande vidogo vilivyolainika vya gramu 70 hivi, ambavyo vina protini karibu gramu 18, na aengue mafuta yanayoelea juu. Kula nyama kwanza, taratibu, ukitafuna mpaka ilegee kabisa, kisha ndipo uchukue vijiko vya ndizi mpaka shibe ikufikie. Usinywe kitu pamoja na mlo, ngoja nusu saa. Ukila hivyo mchana, njaa ya saa kumi itachelewa, kwa sababu nyama hukaa ndani ya bomba muda mrefu kuliko ndizi iliyopondwa.

Chai ya jioni ibaki, kwenye kikombe cha mjukuu, bila sukari ukiweza. Karanga zihesabu: ishirini, kisha funika kopo. Na anza daftari kama la Baba wa Sakina, uende nalo Jumanne hiyo hiyo kwa daktari, hata likiwa na siku hizi chache zilizobaki tu, na hata kama zina makosa.