Kanta inagonga juu ya injini, tapeti zikirekebishwa hazikai

Mchukuzi wa Gongoni
Assalam aleikum mafundi. Nina lori la Kanta lenye injini ya 4D33, nabeba chumvi Gongoni napeleka Mombasa. Imeanza kugonga ta-ta-ta sehemu ya juu. Asubuhi ni kali, ikipata moto inapungua lakini haiishi. Fundi wangu hapa Malindi amerekebisha tapeti, yaani nafasi za valvu, mara mbili. Inatulia siku chache, halafu nikivuka daraja la Sabaki na mzigo naisikia tena. Nguvu nayo imepungua. Sasa anataka tununue tapeti yenyewe moja, kile chuma kinachokaa juu ya kamshafti, ya silinda ya tatu. Nikubali?

Dereva Mkongwe
Angalia oili kwanza, ndugu yangu. Ikiwa chini au imechakaa, huko juu hakufiki kitu.

Fundi wa Maweni
Waaleikum salaam. Tapeti moja usinunue kwanza, nakusihi.

Injini hiyo inatumia pushirodi na tapeti ngumu: nundu za kamshafti husukuma tapeti, tapeti husukuma pushirodi (fimbo ndefu), nayo huinua roka inayobonyeza valvu. Nafasi ya valvu, yaani uwazi kati ya roka na valvu, ni milimita 0.40 injini ikiwa baridi. Fundi akishaiweka sawa na nati ikakazwa vizuri, haina sababu ya kupanuka ndani ya siku chache. Ikipanuka pale pale kila mara, jua kuna chuma kinaliwa. Kurekebisha tena ni kumfukuza mgonjwa na dawa ya maumivu.

Fungueni kifuniko cha roka. Toeni pushirodi ya valvu inayopiga kelele, iviringisheni juu ya kioo: ikirukaruka imepinda. Ikiwa imenyooka, irudisheni, muweke geji ya saa (kipimo chenye mshale), mzungushe injini kwa mkono mpime inapanda kiasi gani. Linganisheni valvu za hewa zenyewe kwa zenyewe, na za moshi vivyo hivyo. Inayopanda pungufu kuliko wenzake, nundu yake ya kamshafti imelika. Ndiyo maana lori linakosa nguvu, valvu haifunguki ikatosha.

Kisha tazameni uso wa tapeti yenyewe. Nzima huzunguka inapofanya kazi, alama zake ni za mviringo. Ukiona mstari ulionyooka katikati, au vishimo kama chuma kimedonolewa, imekufa, na nundu iliyo chini yake haijapona. Tapeti mpya juu ya nundu iliyolika italiwa upesi sana. Kamshafti na tapeti zote ziende pamoja. Kuna duka limewahi kumwambia mteja wangu achanganye za zamani na mpya. Injini ilirudi kwangu ikigonga vilevile.

Mchukuzi wa Gongoni
Shukran sana fundi. Na zile chenga za chuma zimekwenda wapi?

Fundi wa Maweni
Kwenye oili, na hilo ndilo linalonitia hofu zaidi. Kateni filta ya zamani mtandaze karatasi yake juani. Ikimetameta, shusheni sampu (bakuli la oili chini ya injini) muioshe, mkague na beringi za kranki. Tapeti zikigoma kupanda juu msizivute kwa nguvu: zenye kichwa kipana hutoka kwa chini, kamshafti ikishatolewa.

Wakati wa kufunga, pakeni nundu zote na nyuso za tapeti grisi ya kufungia injini. Hakikisheni dizeli na oili ziko tayari, maana kupiga stata muda mrefu kunaifuta hiyo grisi. Ikiwaka, isiachwe ingurume polepole. Ishikeni mizunguko 1500 hadi 2000 kwa dakika 20 hivi, macho kwenye taa ya oili. Ikipoa, pimeni nafasi upya, na oili hiyo imwagwe mapema pamoja na filta.