InDesign: kitabu kutoka Word kinakula siku nyingi, nibane muda wapi?

MpangaKurasa
Wakuu, naomba msaada. Nina kitabu cha kurasa 200 hivi kutoka Word, nakipanga kwenye InDesign (programu ya kupanga kurasa za kuchapa). Nakopi na kubandika ukurasa mmoja mmoja, vichwa natengeneza kwa mkono. Mwandishi akitaka vichwa vishuke kutoka pointi 16 hadi 14, narudia vyote. Tena maneno yanakatwa vibaya mwisho wa mstari: "mwal-imu", "kit-abu".

FundiChapa
Acha kubandika. Unda staili mbili za aya (mipangilio ya fonti na ukubwa iliyohifadhiwa kwa jina), "Matini" na "Kichwa". Bonyeza Ctrl+D, chagua faili la Word, weka tiki kwenye "Show Import Options". Dirisha likifunguka, nenda "Customize Style Import" kisha "Style Mapping": Normal iunganishe na "Matini", Heading 1 na "Kichwa". Shikilia Shift, bofya kona ya juu kushoto ya pambizo. Maandishi yanatiririka hadi mwisho na kurasa zinajiongeza zenyewe. Ukisahau Shift utapata ukurasa mmoja tu, na alama nyekundu ya kujumlisha chini ya fremu: maandishi mengine yamekosa pa kukaa. Pointi 14 zikitakiwa, unabadilisha staili mara moja tu.

MpangaKurasa
Ahsante mkuu. Ila mwandishi hakutumia Heading, amekoza tu na kukuza herufi. Na kuna maneno mengi ya mlazo, hayatakiwi kupotea.

FundiChapa
Basi mpangilio wa hatua ndio kila kitu. Unda staili ya herufi "Mlazo", ndani yake weka Italic. Fungua Ctrl+F, visanduku vya maneno viache vitupu. "Find Format" weka Italic, "Change Format" weka "Mlazo", kisha Change All. Rudia kwa vichwa: tafuta Bold ya pointi 16, badilisha kuwa staili ya aya "Kichwa". Ndipo ubonyeze Ctrl+A na kitufe cha "Clear Overrides" chini ya paneli ya staili za aya; kinafuta mapambo ya mkono yasiyotoka kwenye staili. Mlazo unabaki, maana kitufe hicho hakigusi staili za herufi. Ukianza na kitufe, wino mzito unafutika na hutajua tena kichwa kilikuwa wapi.

Kichwa kilichoponyoka utafutaji huo: weka kishale kwenye aya, Ctrl+Enter (kisanduku cha kutafuta staili kwa jina), andika "kic", Enter.

Mhariri_Pwani
Kuhusu kukata maneno: programu inafuata kanuni za Kiingereza, wakati silabi zetu karibu zote huishia na irabu, mwa-li-mu. Ondoa tiki ya "Hyphenate" ndani ya "Matini" na staili nyingine zote ziegemee hiyo kupitia "Based On". Vitenzi vyetu ni virefu ("wanaoyashughulikia"), kwa hiyo mistari iliyonyooshwa pande zote itaacha mianya. Fungua "Justification", ruhusu "Glyph Scaling" (kubana au kutanua herufi kidogo) 98, 100, 102, na hakikisha unatumia "Adobe Paragraph Composer", inayopima aya nzima badala ya mstari mmoja mmoja. Safu ikiwa nyembamba, egemeza kushoto tu.

Nafasi mbilimbili na aya tupu zina dawa tayari kwenye orodha ya "Query" ya Ctrl+F. Lakini kama kitabu kina mashairi, tafadhali usiziendeshe kwa "Document" nzima. Zitameza nafasi inayotenga ukwapi na utao (nusu ya kwanza na ya pili ya mshororo), na mstari mtupu kati ya beti, shairi lote ligandane. Chagua matini ya nathari peke yake, kisha kwenye "Search" weka "Selection".