Silkie, Pekin na Sebright katika banda moja

Mfugaji_Tanga:
Ndugu wafugaji, nawasalimu. Nina bantamu 12, yaani kuku wa aina ndogo: Silkie 5 wakiwemo majogoo 2, Pekin 4 wenye jogoo 1, na Sebright 3, yaani jogoo 1 na mitetea 2. Mwezi uliopita niliwaunganisha katika banda moja la mita 3 kwa 4 ili nipunguze kazi ya usafi, na tangu hapo mtetea mmoja wa Silkie hasogelei chakula mpaka wenzake washibe. Juzi nilimkuta amejibanza nyuma ya ndoo, kishungi kimenyonyolewa na ile ngozi nyeusi ya utosini inatoka damu. Je, niwatenganishe tena? Ningependa pia kupata vifaranga halisi vya kila aina.

Babu_wa_Moshi:
Pole sana, binti yangu. Mtoe huyo mtetea leo hii, msafishe kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, na umweke nyuma ya wavu mahali ambapo wenzake wanamwona lakini hawamfikii, kwa sababu kuku akishaona damu hazuiliki kudonoa. Silkie huonewa kwa kuwa kishungi humziba macho na hivyo haoni pigo likija. Punguza kwa mkasi manyoya yaliyo mbele ya macho, utaona anavyochangamka. Hata hivyo, naona shida kubwa ni majogoo 4 kwa mitetea 8. Wahamishe wote kwenye kibanda chao mbali na mitetea, maana majogoo wasioona mitetea aghalabu hupatana. Weka pia vyombo vya chakula na maji sehemu tatu, ili mnyonge asizuiwe na mbabe mmoja.

Mama_Vifaranga:
Nakubaliana na Babu. Kuhusu vifaranga, mtetea huhifadhi mbegu za jogoo mwilini kwa wiki mbili na zaidi. Mimi husubiri wiki nne tangu nimtenge na jogoo wa aina nyingine ndipo nianze kukusanya mayai ya kuatamiwa. Mchanganyiko hujionyesha wenyewe: kifaranga wa Silkie na Pekin hukua na manyoya ya kawaida, si yale ya sufi, ingawa mara nyingi hurithi vidole vitano. Mitetea ya Sebright si hodari wa kuatamia, kwa hiyo mayai yao mimi huwawekea Silkie, ambao hulala juu ya mayai kwa subira ya ajabu.

Mkulima_Pwani:
Naongeza jambo moja. Sebright huruka na kulala juu, ilhali Silkie hawezi kuruka, naye hulala chini; usiweke kichanja juu ya kona wanayolala Silkie, la sivyo kila asubuhi utawakuta wamejaa kinyesi mgongoni. Masika yakianza, sakafu iwe kavu kabisa, kwani manyoya ya Silkie hayazuii maji na Pekin ana manyoya mpaka miguuni. Chanjo ya mdondo wape wote siku moja.

Mfugaji_Tanga:
Babu, Mama na ndugu yangu wa Pwani, asanteni kwa dhati. Majogoo nimekwisha kuwahamisha, na kichanja nimekisogeza upande wa mlangoni. Yule mtetea yuko nyuma ya wavu. Jioni hii amekula pumba mpaka akamaliza, naye alikuwa wa kwanza kufika kwenye chombo.