Re: Mama mkwe anakuja, tumpeleke wapi?

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Mama mkwe anafika kwetu Duisburg, Ujerumani, mwezi ujao. Ni mtu wa kanisa hasa, na wanangu wawili hawatulii. Kuna mahali pa kwenda na kurudi siku moja, pasipotumaliza mfukoni?

---

Marahaba mdogo wangu. Nendeni mji wa Xanten. Pandeni RB31 hapo hapo stesheni kuu hadi reli inapoishia. Ni treni ya mkoa, Deutschlandticket, ile tiketi ya mwezi ya usafiri wa umma nchi nzima, inatosha.

Anzeni na kanisa la Mtakatifu Viktor, mama akiwa bado na nguvu. Lilianza kujengwa 1263, likamalizika 1544. Kabla hamjaingia, mwambie kwamba kwa mapokeo Viktor alikuwa askari wa kikosi cha Thebe, Misri, na Warumi walimuua kwa kukataa kuitolea miungu yao sadaka. Mama yangu aliposikia kuwa ni mtu wa Afrika alikaa kwenye benchi, akatoa rozari, na hatukumharakisha.

Chini ya kanisa, mwaka 1933, lilichimbuliwa kaburi la wanaume wawili waliouawa kikatili. Wataalamu wanasema ni la karne ya 4, baadaye kuliko Viktor wa masimulizi. Humo chini amezikwa pia Mwenye Heri Karl Leisner, aliyepewa upadri akiwa mfungwa katika kambi ya mateso ya Wanazi ya Dachau, 1944.

Jina Xanten lenyewe linatokana na Kilatini ad Sanctos, yaani penye watakatifu. Watu walihamia kando ya makaburi, mji wa Warumi wakauacha, wakawa wanabeba mawe yake kujengea. Kwa hiyo Colonia Ulpia Traiana, koloni ya Kaisari Traianus ya mnamo mwaka 100, haikufunikwa na mji mwingine. Leo ni bustani kubwa ya akiolojia, na walio chini ya miaka 18 hawalipi. Waacheni watoto wapande ngazi za uwanja wa michezo uliochukua watu 10,000 hivi, kisha mwende kwenye nguzo za hekalu la bandarini. Msishangae kutouona mto Rhine pale, ulishahama.

Njiani wasimulieni Siegfried, mwana wa mfalme wa Xanten katika utenzi wa Nibelungenlied wa mnamo 1200. Aliua joka, akaoga damu yake, silaha zisimpenye tena, ila pale mgongoni lilipodondokea jani. Wanangu walidakia wenyewe: "Kama Liyongo na sindano ya shaba!" Tukarudi Duisburg tukibishana nani angemshinda mwenzake.

---

Ahsante sana kaka. Mama magoti yanamsumbua, atashuka huko makaburini?

---

Kuna ngazi, mdogo wangu. Mshikeni mkono mmoja, pole pole, au abaki juu asali. Na mkate nunueni Kriemhildmühle, kile kinu cha upepo ukutani mwa mji. Pitieni mapema, kabla haujaisha.