Ushauri wenu wakuu: nimesimulia filamu ya kuchekesha, ukumbi ukalia

Msimulizi_Moro

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu wa filamu, na hasa wenzangu wa kazi hii ya kutafsiri muvi kwa Kiswahili.

Mimi ni msimulizi. Ni ile kazi aliyoipa jina Lufufu, msimulizi wetu maarufu: picha inachezwa, wewe una maiki mkononi, unawaeleza watu kila mhusika anasema nini. Nina banda hapa Morogoro lenye mabenchi ya watu kama hamsini, na Jumamosi jioni ndiyo siku yangu kubwa. Kwa miaka sita nimesimulia za mapigano, za Kihindi na za Kikorea. Hizo nazimudu.

Jumamosi iliyopita nikawaletea filamu ninayoipenda mwenyewe kuliko zote: Walk Hard: The Dewey Cox Story, ya mwaka 2007. Imeongozwa na Jake Kasdan, ameiandika pamoja na Judd Apatow, na anayecheza Dewey Cox ni John C. Reilly. Inaigiza kwa kejeli zile filamu za maisha ya wanamuziki wa roki wa Marekani: utoto wa shida, umaarufu wa ghafla, madawa, wanawake, kuanguka, kusimama tena. Huyo Dewey hajawahi kuwepo duniani.

Sasa sikilizeni. Mwanzoni Dewey na kaka yake Nate, watoto wa shamba kule Alabama, wanacheza na mapanga. Dewey anamkata Nate kiunoni, vipande viwili. Nate amelala, nusu huku nusu kule, na bado anaongea kwa utulivu kumtia moyo Dewey awe mwanamuziki mkubwa kwa niaba ya wote wawili. Mimi kila nikifika hapo mbavu sina. Ukumbi ukawa kimya kabisa. Mama anayetuuzia karanga mlangoni akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Baba yao alipoanza kurudiarudia kwamba aliyekufa siye aliyestahili kufa, mzee mmoja benchi la mbele akasema kwa sauti, "Huyu ni baba wa namna gani?" Na ilipoisha, kijana akanifuata kuniuliza Dewey Cox alifariki mwaka gani na nyimbo zake atazipata wapi.

Walicheka mahali pamoja tu. Ni pale Dewey anapomfuma Sam, mpiga ngoma wake, akivuta bangi chooni. Sam anamwambia toka, hii kitu haikufai, halafu Dewey akiuliza ubaya wake, kila anachojibu Sam ni sifa: haina gharama, haiachi uchovu asubuhi. Hapo banda lilivunjika.

Nataka kuirudia, maana naamini ni filamu kubwa na watu wangu hawajaipata. Nimekosea wapi? Niwaambie mapema kuwa ni utani? Niongeze vichekesho vyangu? Na zile nyimbo nizitafsiri au niziache?

Kanda_Mbili

Mkuu, jibu umelitoa mwenyewe kwenye aya yako ya Sam.

Onyesho lile halimhitaji mtazamaji awe amewahi kuona chochote. Kila mmoja hapo bandani kwako anamjua mtu anayekukataza jambo huku macho yake yanakuita. Tena filamu inalirudia: baadaye Sam yuko chooni na kokeini, baadaye na vidonge, maneno karibu yale yale. Mara ya pili ukiuona tu ule mlango wa choo unaanza kucheka kabla hajafungua mdomo. Filamu imekujengea kumbukumbu yenyewe, kisha ikaichezea.

Ila panga la Nate linachezea kumbukumbu ambayo watu wako hawana. Linacheka na Ray ya 2004, filamu ya maisha ya Ray Charles, na Walk the Line ya 2005, ya maisha ya Johnny Cash. Asiyeziona hizo, alichokiona ni mtoto kakatwa na baba hana huruma. Alie tu, ana haki ya kulia.

Nyayo_Kisumu

Ndugu, mimi nasimulia huku Kisumu na sikubaliani na kungoja watu wasome historia ya muziki wa Marekani ndiyo wacheke. Waambie mlangoni: leo ni vichekesho, huyu mtu ni wa kubuni. Halafu changamsha! DJ Afro, msimulizi wetu wa Kenya, hajazoa watu wote hawa kwa kutafsiri neno kwa neno, anatia utani wake juu ya picha mpaka picha inakuwa yake. Nate akikatwa, wewe weka neno lako la kuchekesha hapo.

Mzee_wa_Gitaa

Nampinga aliyetangulia, kwa heshima. Nimepiga gitaa la bendi kwa miaka mingi na filamu hii naijua kama mfuko wa shati langu.

Siri yake ni kwamba hakuna anayecheka ndani yake. Reilly anaimba kwa sauti yake mwenyewe, na anaimba vizuri kweli, si kwa mzaha. Wimbo wa jina la filamu ungepigwa redioni bila picha ungeuamini, na uliteuliwa kuwania Golden Globe, kama alivyoteuliwa na yeye mwenyewe kwa uigizaji. Daktari anapotoka kumwambia mama kwamba mtoto ana hali mbaya sana ya kukatwa vipande viwili, anasema kwa uso wa daktari. Ukimwekea utani juu yake umemuua. Kwa hiyo kijana wangu, sauti yako ya majonzi haikuwa kosa, ibakishe hivyo hivyo. Kilichokosekana ni kile kilichotakiwa kutangulia.

Tena nikueleze ilivyofungwa fundo kwa fundo, ukisimulia ujue unagusa nini.

Johnny Cash alikuwa na kaka, Jack, aliyekufa mwaka 1944 kwa ajali ya msumeno wa mashine. Ni kweli kabisa, si filamu. Walk the Line inaanza gereza la Folsom mwaka 1968: wafungwa wanapiga miguu chini wakimsubiri, na Cash yuko nyuma ya jukwaa, peke yake, kidole kwenye meno ya msumeno. Hapo ndipo tunarudishwa utotoni. Kaka anakufa, na baba anasema shetani amemchukua mtoto asiyestahili kufa. Sasa tazama Dewey Cox: mzee mzima ameegemea ukuta kabla ya onyesho, mfanyakazi wa jukwaani anahangaika kumwita, na Sam anamwambia amwache, kwa sababu Dewey lazima ayafikirie maisha yake yote kabla ya kupiga. Ni msumeno ule ule bila msumeno. Na yale masinki ambayo Dewey anang'oa ukutani kila akikasirika? Joaquin Phoenix aling'oa sinki akiwa Cash.

Kwa Ray Charles ni hivyo hivyo. Mdogo wake, George, alizama kwenye beseni la kufulia Ray akiwa mtoto anaangalia, na baada ya hapo macho yakaanza kupotea. Dewey yeye anapoteza nini baada ya Nate kufa? Uwezo wa kunusa! Mwanamuziki asiyenusa. Huwezi kulicheka hilo kama hujalia kwanza kwa ajili ya Ray.

Ushauri wangu ni huu: Jumamosi ya kwanza simulia Ray, yote, kwa moyo wako wote. Waache walie sana. Jumamosi inayofuata rudisha Dewey, usitangaze chochote.

Nyayo_Kisumu

Mzee, hilo la beseni na kunusa sikuwa nimelishika. Naondoa neno langu kuhusu kuongeza utani. Bado naona mtu aambiwe mlangoni kwamba Dewey ni wa kubuni, asije akatafuta kaburi lake.

Binti_Forodhani

Assalaam aleikum. Nami naongeza mawili kutoka Unguja.

La kwanza, kama banda lako lina vijana walioona Bohemian Rhapsody ya 2018, filamu ya Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, daraja unalo tayari. Freddie ni mzaliwa wetu, Mji Mkongwe, 1946, Farrokh Bulsara, kwa hivyo huku watu waliitazama kwa macho mengine. Inaanzaje? Anatembea kuelekea jukwaa la tamasha la Live Aid, Wembley 1985, tunamwona mgongo, kisha tunarudishwa nyuma. Ukuta wa Dewey huo! Na ndani yake wamesogeza mambo ili machozi yaje kwa wakati: wameonyesha Freddie anajua ana virusi vya Ukimwi kabla ya Live Aid, na inavyofahamika aliambiwa karibu miaka miwili baadaye. Dewey Cox aliitangulia kwa miaka 11, na bado unaweza kuihesabu hatua kwa hatua kwa kidole. Mimi nilipoitazama ya Freddie nililia kweli, na najua nilivutwa kamba gani, na sijuti.

La pili ni wimbo wa Dewey na Darlene, mpenzi wake anayeimba naye. Msimulizi, ule usiuache bila tafsiri hata kidogo. Wanaimba kama watu wa kanisani, lakini kila mstari unakatika pale pabaya, mtu anasikia jambo jingine, kisha neno la mwisho linaurudisha kwenye heshima. Sisi hatuhitaji kufundishwa hilo. Taarabu inaishi kwa mafumbo, na kanga ya yule mama wa karanga ina fumbo chini yake saa hii. Usitafsiri maneno yao, tafsiri ukataji wao. Sema, "Mpenzi, usiku huu nataka tupande," nyamaza, hesabu mpaka tatu moyoni, ndipo umalizie, "jukwaani." "Nionyeshe ulichoficha," nyamaza, "moyoni." Na sauti iwe ya adabu kabisa.

Msimulizi_Moro

Dada, nimesoma hapa kwa sauti, mke wangu katoka jikoni kuuliza ninaongea na nani. Asante sana.

Mzee wa Gitaa, shikamoo. Na ule wimbo wa maneno magumu nifanyeje? Ule wa miaka ya sitini, Dewey kavaa miwani nyeusi, anaimba vitu ambavyo hata sivielewi.

Mzee_wa_Gitaa

Marahaba. Huo ni Bob Dylan, mwimbaji wa Marekani wa maneno mazito, anaigizwa, na huelewi kwa sababu hakuna cha kuelewa. Maneno yamepangwa yasikike mazito tu. Tafuta misamiati ya mashairi yetu ya zamani, ile inayonukia bahari na vitabu, ipange kwa vina na mizani sawasawa, na isiwe na maana yoyote. Yule mzee wa benchi la mbele ataitikia kwa kichwa, halafu atagutuka.

Nyimbo nyingine zote ziache zisikike. Usiongee juu ya muziki ule, waliutengeneza kwa kazi kubwa.

Na ile sehemu ya Beatles, bendi ya Waingereza wanne, kule India usiiharakishe. Wale wanne wanatajana majina kamili kila wakifungua kinywa, kana kwamba hawajuani, kwa sababu filamu za namna hii zinaogopa mtazamaji hatamtambua mtu maarufu. Taja majina yote, kila mara, bila kuchoka.

Sheria_Kwanza

Mkuu, nakuunga mkono lakini jilinde. Kuonyesha filamu kwa kiingilio bila ruhusa ya mwenye nayo ni kosa chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 1999, na banda la kuonyeshea linahitaji kibali chini ya Bodi ya Filamu. Wengi wanafanya bila, lakini siku ya msako msimulizi ndiye anayekutwa na maiki. Halafu hii si ya watoto. Ukiacha madawa, kuna pale hotelini Dewey akiongea na simu, kuna uchi wa wazi kabisa. Dakika 96 zote zipitie peke yako kabla.

Msimulizi_Moro

Kweli, nililiruka hilo la hotelini kwa mkono juu ya lenzi, na watoto nilikuwa nimewatoa. Kibali cha banda ninacho. La ruhusa ya filamu zenyewe sina cha kujitetea, Jumatatu nakwenda kuuliza.

---

Msimulizi_Moro *(baada ya wiki tatu)*

Wakuu, narudi na mrejesho kama nilivyoahidi baadhi yenu kwa ujumbe.

Ray ilikwenda. Pale kwenye beseni sikuweza kusimulia, nilinyamaza, picha ikajisemea.

Jumamosi iliyofuata, Dewey. Nilimfuata ndugu wa Kisumu kwa hilo moja: mlangoni niliandika kwa chaki kwamba huyu mtu ni wa kubuni. Kisha sauti yangu ikabaki ya msibani kama alivyosema Mzee. Dewey alipoegemea ukuta tu, kijana wa nyuma akapiga kelele, "Anarudi utotoni huyo!" Banda zima likacheka, na hakuna aliyekuwa amesema neno. Daktari alipotoka na uso wake, mzee wa benchi la mbele alishika goti la jirani. Kwenye kunusa nilishindwa kuendelea kwa kelele. Na kwenye "tupande," wallahi, nilipohesabu tatu, wanawake walishamalizia wenyewe, na hawakusema jukwaani.

Mama wa karanga hakucheka Nate alipokatwa. Nilimwangalia makusudi. Baadaye nikamuuliza, akaniambia, "Nimeelewa ni mchezo. Lakini yule mtoto alikuwa anamsamehe mwenzake." Nimekaa na neno hilo siku nne sasa.

Nina swali moja limebaki. Mwishoni kabisa, baada ya wimbo wa mwisho, yanatokea maandishi kwamba Dewey alifariki dakika tatu baada ya onyesho lile. Niyasome kwa haraka ili wacheke, au taratibu?

Mzee_wa_Gitaa

Taratibu. Kisha zima maiki.