Simu imejaa picha, hii HEIC ya kuhifadhi picha inasaidia kweli au maneno tu?

Mgumu wa Sakina:
Wakuu habari za jioni. Mimi nabeba mizigo ya wageni mlima Kilimanjaro, safari moja ya njia ya Machame narudi na picha kama mia sita, simu ni iPhone 11 ya GB 64 na sasa hivi kila nikifungua kamera naambiwa nafasi imeisha. Jamaa kaniambia kosa langu napiga za JPEG, nirudi HEIC. Picha hazitachuja? Kufuta siwezi, wageni wanazidai.

Fundi Kilombero:
Jamaa yako yuko sahihi mkuu. JPEG ni ya 1992, inaikata picha vipande vya pikseli (vidoti vya picha) 8 kwa 8 na karibu kila kimoja inakibana kivyake. HEIC imeazima ufundi wa kubania video, ile H.265, vipande vinaweza kufika 64 kwa 64 na inabashiri hiki kitakuwaje kwa kuchungulia majirani zake, sasa we chukua picha yako ya Shira nusu nzima ni anga, ya nini kuandika bluu bluu bluu mara elfu? Ndo maana uzito unashuka karibu nusu na kwa macho huoni tofauti. Apple walianza nayo 2017 kwenye iOS 11. Ingia Settings, Camera, Formats, weka High Efficiency, ndo HEIC yenyewe.

Mama Steshenari, Moshi:
Mwambieni na upande wa pili jamani!! Watu wananiletea flashi imejaa HEIC, kompyuta yangu haifungui hata moja mpaka niiwekee programu ya nyongeza, na mteja ananinunia kama mimi ndo nimezila. Ukinitumia kwa WhatsApp inafunguka ila imeshabanwa, usidai A4 ing'ae.

Mgumu wa Sakina:
Asante dada, nimekuelewa. Na zile za zamani elfu tatu, nizigeuze?

Fundi Kilombero:
Achana nazo, zilishapoteza kidogo zilipobanwa mara ya kwanza, ukizibana tena zinapoteza tena. Seti hiyo inagusa za kuanzia leo tu. Ila cheki video kwanza, maana nazo zinafuata seti hiyohiyo: video kali ya 4K, fremu 30 kwa sekunde, dakika moja ni kama MB 350 ukiwa Most Compatible (ile seti ya JPEG), ukihamia High Efficiency inakuwa 170 hivi.

Mgumu wa Sakina:
Doh. Nimecheki, kuna mzee wa Kijerumani anacheza pale geti la Mweka dakika 11, karibu GB 4 peke yake. Namtumia leo leo halafu naifuta.